Nesi Aliyefunga Pazia

"Hii sentensi umeitoa wapi?"

"Sentensi ipi?"

"Usijifanye hujui. Ukurasa wa mia nne na kumi na mbili, safu ya pili. Soma."

"Jicho, kama kuna kosa la chapa weka alama tu, nita..."

"Soma kwa sauti."

Bwana Emu alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivuta ile karatasi karibu. Akaanza kusoma kwa sauti yake ya kazini, ile kavu isiyo na chumvi.

"Misconduct. Nomino. Mwenendo mbaya, hasa wa mtu mwenye dhamana. Utovu wa nidhamu kazini. Mfano: Nesi alifukuzwa kazi kwa mwenendo mbaya kwa sababu alimfungia pazia mgonjwa mahututi ili alale na mkewe kwa mara ya mwisho."

Alipofika mwisho, sauti ilikuwa imeshafifia. Hakuinua macho.

"Nakuuliza tena. Umeitoa wapi?"

"Unajua nilikoitoa."

"Nataka uniambie kwa mdomo wako."

"Kwako."

Chumba kile kilikuwa na meza mbili, dirisha moja, na ukuta mzima wa droo za kadi. Humo ndimo kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ilikuwa ikipikwa mwaka wa tisa sasa, na wapishi walikuwa wameshaanza kuota mvi. Huyu bwana alikabidhiwa herufi ya M, akakaa nayo miaka miwili na nusu, hadi wenzake wakasahau jina lake na kumwita Bwana Emu. Mwanamke aliyekuwa akimhoji alikuwa msahihishaji. Kila ukurasa ulipita mkononi mwake kabla ya kwenda kiwandani, na kwa kuwa hakuna kosa lililowahi kumpita, ofisi nzima ilimwita Jicho. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Bwana Emu alikuwa na hamsini na mbili, aliyefiwa na mkewe miaka saba nyuma, na kwa miezi minane sasa watu hawa wawili walikuwa wanapendana kimyakimya, kwa heshima zote, wakila chakula cha mchana pamoja kwenye ngazi za nyuma za jengo.

Jumamosi ya wiki ile ile Bwana Emu alikuwa aende kwa kaka yake Jicho kujitambulisha. Shati lilikuwa limeshanunuliwa.

"Nipe kadi yake," Jicho akasema.

"Ya nini?"

"Nipe kadi."

Akafungua droo, akaitoa. Sasa, msomaji, lazima ujue kitu kimoja juu ya kazi ya Bwana Emu, maana bila hicho utamwona mwizi wa kawaida. Yeye hakutunga mifano. Watunga kamusi wengine hukaa wakabuni: mtu huyu alikwenda sokoni, mtoto yule alianguka. Yeye aliona hiyo ni aibu. Kila sentensi yake ilikuwa imetoka kinywani mwa mtu hai au kwenye karatasi halali, na kila kadi ilikuwa na chanzo na tarehe. Alikuwa akijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia kitu kingine chochote duniani.

Jicho akasoma ile kadi.

"Chanzo: mazungumzo, ngazi za nyuma." Akainua macho. "Mazungumzo. Yale ndiyo uliyoyaita mazungumzo?"

"Jina lako sikuliandika."

"Siku ile nilipomaliza kukusimulia, uliinuka. Ukaniambia unakwenda chooni mara moja."

Bwana Emu akavua miwani.

"Ulikwenda kuandika?"

"Niliogopa maneno yasije yakanitoka. Yalikuwa yamekaa sawasawa mno, Jicho. Miaka miwili nilikuwa nalitafutia neno lile mfano wenye uhai..."

"Mimi nilidhani umekwenda kulia." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha yule bwana. "Nilikaa pale kwenye ngazi nikasema moyoni, kumbe yupo mtu duniani anayeweza kunililia. Nikazidi kukupenda palepale. Na wewe ulikuwa ndani unaandika tarehe."

"Nisamehe."

"Nani mwingine ameiona?"

"Mhariri Mkuu aliisoma kwenye kikao cha Jumatatu. Ile Jumatatu uliyokwenda kung'oa jino."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Alisema ndiyo sentensi bora katika herufi nzima."

"Watu wakasemaje?"

"Mmoja alicheka. Alisema huyo nesi huruma yake ilipitiliza."

"Na wewe ukasemaje?"

Bwana Emu akaisukuma droo ikafungika. Jicho aliiweka kadi juu ya meza, akachukua mkoba wake, akatoka. Ilikuwa saa tano asubuhi, na katika miaka sita ya kufanya kazi pale hakuwahi kutoka kabla ya saa kumi.

*

Ilikuwa hivi. Miaka kumi na moja nyuma Jicho alikuwa nesi wa wodi ya wanaume, tena nesi wa kuaminika. Kwenye kitanda cha mwisho karibu na dirisha alilala mgonjwa ambaye madaktari walishamaliza naye. Asubuhi moja, nje ya saa za kuona wagonjwa, mke wake alikuja akaomba kitu cha ajabu. Alisema: Sista, mwenzangu ananiambia anasikia baridi. Nipe dakika kumi nimlalie.

Taratibu zilikataza. Jicho akavuta pazia, akasimama nje yake kama askari.

Dakika kumi zikawa ishirini. Matroni alipoingia wodini mama yule alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pili, na matroni alipolivuta pazia alimkuta nesi amesimama kando ya kitanda anafunga vifungo vya shati la mgonjwa, mgonjwa anatabasamu, na mtandio wa kike uko juu ya mto. Basi. Matroni hakuhitaji zaidi.

Jicho angeweza kusema kweli. Lakini mgonjwa alikata roho mchana uleule, na mjane akamkamata mkono kwenye korido. "Sista, nakuomba. Ndugu zake wakijua nilipanda pale kitandani watasema mimi ndiye nimemmaliza. Watanichukulia watoto."

Jicho akaapa. Mbele ya kamati alisema pazia nilifunga mimi, na zaidi ya hapo akafumba mdomo. Baada ya siku nne barua ikaja, mistari mitatu, Kiingereza kitupu, na katikati yake neno moja: misconduct. Barua haikueleza alifanya nini. Kwa hiyo kila mtu alijieleza mwenyewe. Mtaani ilisemwa kwamba nesi kakutwa nyuma ya pazia na mwanamume kitandani, na huwezi kukanusha, maana kila neno lilikuwa kweli isipokuwa habari yenyewe.

Mchumba wake alikuja kumwona zikiwa zimebaki wiki tatu wafunge ndoa. Aliuliza swali moja tu.

"Ni nani?"

"Si hivyo unavyofikiri."

"Nimekuuliza, huyo mwanamume ni nani?"

Hakuuliza ulifanya nini. Aliuliza nani. Akaondoka na jibu lake alilokuja nalo.

Tangu hapo Jicho alipanga chumba kimoja chenye madirisha mazuri, akajifunza kusahihisha maandishi ya watu wengine, akazoea. Alijua kupika chakula cha mtu mmoja bila kubakiza. Alijua siku za sikukuu aende dukani saa ngapi ili asiulizwe anakwenda kwa nani. Upweke wake haukuwa wa kulialia. Ulikuwa wa kuamka, kuoga, kwenda kazini. Halafu akatokea Bwana Emu na chakula chake kwenye kibakuli cha plastiki, akaketi ngazi moja chini yake, na baada ya miezi saba Jicho akamsimulia yote.

Mtu mmoja katika miaka kumi na moja. Na huyo mmoja akamwekea namba na kumpanga kwenye droo.

*

Jioni simu ilianza kuingiza ujumbe.

"Nimekwenda kwa Mhariri Mkuu. Nimemwambia sentensi itoke. Amekataa."

"Anasema kurasa zinaondoka Ijumaa saa sita mchana, na kila neno la M lina mfano. Ikitoka hiyo iingie nyingine."

"Nina kadi arobaini na tatu za neno hili. Nimezisoma zote tena. Hakuna inayofaa."

Jicho alikuwa anaosha sahani yake moja. Alifuta mikono, akaandika: "Nani kakuuliza habari za kadi?"

Akamaliza kuosha. Halafu: "Samahani. Sijui kuomba radhi kwa namna nyingine."

Akaizima simu. Alilia kidogo, si sana, kwa sababu kuta za chumba kile zilikuwa nyembamba na jirani alikuwa mbeya.

Lakini kilichomkosesha raha zaidi kilikuwa yule mjane. Kamusi itasambaa mashuleni. Ndugu wa marehemu watasoma, watakumbuka mwaka, wodi, kitanda, watajumlisha. Kiapo alichokilipia kwa kazi, kwa ndoa na kwa jina lake kitavunjwa na kitabu cha wanafunzi.

Alhamisi mchana, badala ya kula, alishuka ngazi za nyuma peke yake na kupiga namba ambayo hakuwahi kuipiga. Kila mwaka, siku ya msiba ule, namba hiyo ilimtumia maneno yaleyale: Salamu Sista, Mungu akulinde. Naye hujibu: Amina, Mama. Basi, hadi mwaka mwingine.

"Haloo? Sista! Leo umepiga wewe?"

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Kwema?"

"Kwema kiasi. Mama, nimekupigia kukuonya. Kuna kitabu kinachapwa, na siri yetu huenda ikatokea humo. Ninajitahidi kuizuia lakini nimeona uanze kujiandaa."

"Siri gani?"

Jicho alidhani mtandao unasumbua.

"Siri yetu, Mama. Ya pazia."

"Aah, ile!" Yule mama akacheka, kicheko cha mtu mzima aliyekaa vizuri. "Mbona wanangu wanaijua, Sista! Niliwasimulia tulipomzika shemeji yangu, yule mkali. Nikaona sasa namwogopa nani? Wakalia, kisha wakacheka. Kitinda mimba akaniambia, mama, kumbe nawe ulikuwa hivyo!"

"Ulikuwa mwaka gani huo?"

"Subiri... inakwenda miaka sita sasa."

Jicho akakaa kwenye ngazi.

"Miaka sita," akasema.

"Ndiyo. Na wewe nimekutafuta sana ili wakuone; kwenye simu sikutaka kukusumbua. Kila nikienda pale hospitali nakuulizia, wananiambia ulihama. Siku hizi uko hospitali gani?"

"Sikuhama, Mama."

"Ehe?"

"Nilifukuzwa. Wiki ileile."

"Ulifukuzwa kwa nini?"

Jicho alianza kutafuta jibu jepesi. Na yule mama, ambaye hakuwa mjinga, alilipata mwenyewe.

"Kwa ajili ya pazia?"

"Ndiyo."

"Na hukuwaambia ni mimi?"

"Uliniomba nisiseme."

"Nilikuomba siku ile!" Sasa mama alikuwa analia. "Nilikuomba siku ile, Sista, nina maiti ndani, nina hofu! Sikukuomba maisha yako yote! Kwa nini hukunitafuta? Kwa nini hukunipigia hata mwaka wa pili ukaniambia mama, nimechoka kubeba?"

"Sikujua kwamba inawezekana."

Alisema kweli. Hakujua. Alikuwa amelinda mlango wa nyumba ambayo wenyewe walishahama zamani, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alikaa pale kwenye ngazi hadi saa nane, chakula kikapoa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hasira na mtu yeyote. Alijiona mpweke tu. Zamani alikuwa mpweke kwa sababu; sasa hata sababu yenyewe haikuwepo.

*

Ijumaa saa tano na robo prufu, zile kurasa za mwisho kabla ya chapa, zilitua mezani kwake. Alifungua ukurasa wa mia nne na kumi na mbili. Misconduct, nomino, mwenendo mbaya, utovu wa nidhamu. Halafu nukta. Mfano haukuwepo. Maneno yote ya M yalikuwa na nguo, hilo peke yake lilikuwa uchi.

Kupitia mlango ulioachwa wazi alimsikia Mhariri Mkuu, mama mfupi mwenye sauti ya kengele.

"Miaka tisa, Bwana Emu! Miaka tisa hatujaacha pengo, leo unaniachia pengo kwenye neno ambalo kila mwajiri analitumia!"

"Naomba unisamehe, Mama."

"Sitaki msamaha, nataka sentensi! Tunga basi hata ya uongo!"

"Siwezi."

"Basi nipe sababu."

"Ile sentensi haikuwa mali yangu. Nikiwaeleza ni ya nani nitakuwa nimeiiba mara ya pili."

"Nitakuandikia barua ya onyo. Unajua hiyo?"

"Najua, Mama. Na neno la kuandika unalijua."

Mlango ukabamizwa. Bwana Emu aliingia, akaketi, akajifanya anapanga kadi. Jicho alisahihisha ukurasa mzima kabla hajasema kitu.

"Kesho saa nne," akasema. "Kaka anakusubiri."

"Umenisamehe?"

"Nimesema saa nne. Hilo lingine sijalisema."

Hakumwambia habari ya simu ya mjane. Alitaka, akajizuia. Alitaka aone huyu mtu atafanya nini akiwa bado anaamini kwamba siri ni siri.

*

Kaka yake Jicho alikuwa fundi wa majokofu, na nyumba yake ilikuwa hospitali yao. Sebuleni tu yalisimama matatu, milango wazi, nyaya nje kama matumbo. Wifi alikuwa ametandika kitambaa cheupe juu ya mojawapo na kulifanya meza. Bwana Emu aliketi kando yake na shati lake jipya, amejikunja kama mwanafunzi siku ya kwanza.

Mambo yalianza vizuri. Kaka aliuliza kazi, akaambiwa. Akauliza watoto, akaambiwa hakujaliwa. Wifi akatania kwamba mtu aliyekaa na herufi moja miaka miwili na nusu hawezi kumkimbia mke. Wakacheka. Kisha kaka akakohoa, na Jicho akajua kinachokuja. Alikuwa amekisikia kwa maneno tofauti kila mwaka.

"Shemeji," kaka akaanza, "mimi ni mtu wa kunyoosha. Sitaki uje useme baadaye tulikuficha. Huyu mdogo wangu ni mtu mzuri sana. Lakini ujana ni ujana. Aliwahi kuteleza."

"Kaka..." Jicho akasema.

"Acha niseme, mdogo wangu, ni kwa faida yako. Alipokuwa nesi, alifanya jambo na mgonjwa. Sisi kama familia tulihuzunika, lakini tulimsamehe. Mimi binafsi nilimsamehe zamani. Nataka nawe umchukue ukijua hivyo."

Wifi alitazama sakafu. Bwana Emu akaweka kikombe chini.

"Ulijuaje kwamba aliteleza?"

"Watu walisema. Halafu barua ipo, hata sasa ipo kabatini kwangu. Kuna neno la Kiingereza. Nililitafuta kwenye kamusi kuukuu ya marehemu baba. Limeandikwa: zinaa."

"Kamusi ya jalada jekundu? Imeliwa na mende pembeni?"

"Hiyohiyo!"

"Naijua." Bwana Emu alipumua, na kwa mara ya kwanza siku ile alikaa wima. "Haikusema uongo, shemeji, ila ilikuwa ya zamani. Neno lile nimelala nalo na kuamka nalo. Lilipoanza halikuhusu kitanda cha mtu. Lilisemwa kwa nahodha aliyeendesha meli ovyo, kwa msimamizi aliyeachia shamba la tajiri likaharibika. Baadaye sana likaingia mahakamani, kwenye kesi za talaka. Wazungu waliona haya kuandika zinaa, wakaandika hilo; ndiko kamusi ya baba ilikolikuta. Kisha likahamia maofisini, na huko likawa gunia. Amechelewa, tia humo. Ametukana, ameiba, amemjibu bosi, tia humo. Ukilikuta kwenye barua ya kazi, jambo moja tu unaweza kulijua: mwenye kalamu hakupendezwa."

"Kwa hiyo alifanya au hakufanya?"

"Neno halijui."

"Wewe unajua?"

"Najua."

"Basi tuambie!"

Jicho alimtazama Bwana Emu. Sentensi moja tu, aliyokuwa nayo kichwani neno kwa neno, ingemaliza kila kitu na kumfanya shujaa wa sebule nzima.

"Siwezi," akasema. "Si yangu. Niliwahi kuitoa mahali ambapo haikustahili kufika, nikamuumiza, na sitarudia hata kwa nia njema. Nifikirie utakavyo. Lakini nikuulize, shemeji. Wewe ni kaka yake. Uliwahi kumuuliza alifanya nini?"

Kaka akamtazama mkewe, mkewe akatikisa kichwa taratibu.

"Niliogopa kumuaibisha," kaka akasema mwishowe.

"Miaka kumi na moja?"

"Niliogopa," akarudia, sasa kwa sauti ndogo. Akageuka. Alikuwa mtu mkubwa, na kugeuka kwake kulichukua muda. "Mdogo wangu. Ulifanya nini?"

Jicho alikuwa ameshaliandaa jibu la swali hili kwa namna mia, wakati akiosha sahani, akiwa amelala, akiwa kwenye foleni. Lilipokuja kweli hakupata hata namna moja. Akaanza tu, ovyo, katikati.

"Alikuwa anasikia baridi. Yule mgonjwa. Mkewe akaomba amlalie."

Akasimulia yote. Baridi, dakika kumi, vifungo, mtandio, korido. Alipofika kwenye simu ya Alhamisi, Bwana Emu aliinua kichwa ghafla akamtazama, akaelewa alikuwa amepimwa, akainamisha tena. Wifi alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kitenge. Kaka hakulia. Alikuwa anaangalia viganja vyake vyeusi vya grisi kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Na mimi nikakusamehe," akasema.

"Ndiyo, Kaka."

"Kila mwaka. Mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Nikajiona mtu mwema."

"Ulikuwa mwema, Kaka. Lakini kila uliponisamehe, nilizidi kubaki peke yangu. Nilikuwa nikitoka hapa nafika kwangu siwezi hata kuwasha taa."

Kaka akainuka, akaenda uani. Wifi alitaka kumfuata, Jicho akamshika mkono: mwache. Walimsikia akiinua kitu kizito, akakiweka chini, akakiinua tena.

Bwana Emu naye akasimama. Aliaga kwa wifi vizuri, akatoka hadi getini. Jicho akamfuata. Jua lilikuwa kali na mtaa mtupu.

"Nimefurahi umesema mwenyewe," yule bwana akasema.

"Ungesema wewe ndani mle, ningekutoa na viatu vyako."

"Najua." Akasita. "Na mimi, Jicho?"

Aliwaza. Hakutaka kusema kitu kizuri tu kwa sababu siku ilikuwa nzuri.

"Wewe ni tofauti. Hawa walinisamehe kosa ambalo sikulifanya. Wewe umenikosea kweli. Umeniumiza hapa." Akajigusa kifua. "Na mimi kusamehe sijui kunaanzaje. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa wa kusamehewa."

"Haki yako. Nitangoja. Mwaka, miwili, nitangoja."

"Usingoje."

Uso wa Bwana Emu ukasawijika. Akashika komeo la geti.

"Kungoja nakujua mimi," Jicho akasema. "Mtu hukaa peke yake chumbani akiamini kuna kinachomngoja upande wa pili, kumbe upande wa pili wameshasahau. Simtakii mtu. Kama unanitaka, rudi ndani ukae hapo nikuone. Nitakununia. Leo nitakununia, na kesho labda. Lakini nitakununia ukiwepo."

"Na kaka yako?"

"Kaka yuko uani anapambana na friji. Kamsaidie, atavunjika mgongo."

Alisimama kidogo, kama aliyesomewa jambo kwa lugha asiyoizoea. Kisha akakunja mikono ya shati lake jipya hadi kwenye viwiko, akapita mbele yake, akaelekea uani. Jicho akafunga geti na kuwafuata.